Mke wa Kwanza wa Mzee Pyo

Mzee Pyo alizima televisheni tena. Wasichana wa Korea Kaskazini walikuwa ndiyo kwanza wameanza kupunga vibendera vyao.

"Baba Dongpil, hao wako hapo chini bandarini," mkewe, Bi Bunrye, alimwambia. "Hata ukizima, wapo."

"Nimechoka na kelele."

Tangu Michezo ya Asia iletwe Busan, huku Kusini, na meli ya washangiliaji wa Kaskazini itie nanga mtaani kwao Dadaepo, nyumba yao ilikuwa haina raha. Nje, kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya, vibanda vya supu vimesukumwa nyuma, polisi wamejaa. Kila alasiri watu walifurika gatini kuwatazama wale wasichana wakiimba. Waliotangulia mbele ni wazee waliozaliwa Kaskazini, ambao vita viliwatenga na kwao wangali vijana. Walijibana kwenye kamba wakiuliza habari za kaka na dada zao, mpaka polisi wawarudishe.

Pyo Manho alihesabiwa kuwa mmoja wa wazee hao, mzaliwa wa kijiji cha Solgae. Lakini gatini hakutia mguu.

"Wenzake wanalia pale, yeye yuko barazani anakata kucha," alisema jirani yao Okja, akigeuza mishikaki yake ya samaki. "Mwanamume asiyetaka kuuliza ana lake jambo. Mimi nasema ana mke huko."

"Acha maneno yako, Okja."

"Haya. Alikuja huku mtu mzima, ndevu zimeota. Enzi zile, umri ule, hajaoa? Basi labda alikuwa na kasoro!"

Okja akacheka peke yake. Neno lile Bi Bunrye alikuwa nalo kifuani tangu alipoolewa. Miaka yote hiyo mumewe alikuwa amemsimulia mambo mawili tu ya kwao: kwamba mama yake alikuwa mkunga, na kwamba nyumba yao ilikuwa kando ya kinu cha maji. Sikukuu ya mavuno, wenzake walipopanda kilimani kuinama kuelekea Kaskazini kwa heshima ya wazazi wao waliozikwa huko, yeye alibaki ndani. Bi Bunrye hakuwahi kumlaumu. Mtu hakimbii kumbukumbu isiyouma.

Siku hiyo, walipokuwa wakila, alishindwa kuvumilia.

"Kama yupo, niambie. Tumeshazeeka, wivu wa nini tena?"

Mzee Pyo aliweka kijiko chini. "Nani?"

"Mkeo wa kwanza."

Uso wake ukalegea, kama mtu aliyetarajia swali jingine.

"Sina mke mwingine, Bunrye. Sijawahi kuwa naye."

"Basi twende wote gatini tukaulizie ndugu zako."

"Usiende!" Sauti ilimtoka kwa ukali asiouzoea mkewe. "Na ukienda, jina langu usilitaje pale. Umenisikia? Utamponza mtu."

Bi Bunrye alisikia neno moja tu: mtu. Kumbe yupo.

Aliosha vyombo huku machozi yakimdondoka kwenye povu. Hasira ilimjia kwanza. Kisha, taratibu, ikaja huruma. Akamwona mwanamke wa umri wake, mgongo umepinda, amekaa kando ya kinu cha maji akimngoja mume kwa miaka hamsini. Je, ingekuwa yeye? Asingetaka hata kuambiwa kwamba yule mtu alipona, alikula, alivaa, hakulala nje?

Siku ya mwisho kabla meli haijang'oa nanga, alivaa nguo yake ya sikukuu, akatia matunda mfukoni, akashuka gatini bila kuaga. Manyunyu yalikuwa yameanza. Akajipenyeza mpaka kwenye kamba.

"Mwanangu, kuna mtu wa Solgae humu?"

"Hatujui, mama," wasichana walimjibu kwa tabasamu lile lile, mmoja baada ya mwingine. "Tutaonana nchi ikiwa moja."

Lakini mmoja wao aligeuka, akamwita mpiga kodiani aliyekuwa akifunga ala yake. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye macho ya upole.

"Solgae ndiko nilikooa, mama," alisema, akitupa jicho kwa walinzi wa meli yao. "Sema haraka. Unamtafuta nani?"

Bi Bunrye alikumbuka onyo la mumewe. Kisha maneno yakamponyoka.

"Mke wa Pyo Manho. Mama yake Manho alikuwa mkunga, nyumba yao kando ya kinu cha maji. Kama huyo mwanamke yu hai, mwambie asingoje tena. Mwambie mumewe hakufa vitani. Mwambie..." Akafuta manyunyu usoni. "Mwambie alipata mtu wa kumtunza."

Mpiga kodiani alimtazama kwa mshangao, kisha akatabasamu, kama anavyofanya mtu anayemsahihisha mzazi wake.

"Hakufa vitani, ni kweli. Mama mkwe tulimzika mwaka juzi. Lakini baba mkwe, Mzee Pyo Manho, yupo, mzima kabisa. Siku tunaondoka alinisindikiza mwenyewe mpaka stesheni."

Mvua ikaongezeka. Bi Bunrye aligeuka polepole. Ng'ambo ya barabara, mwanamume aliyemzalia watoto watatu, ambaye jina lake la kweli hakulijua, alikuwa amesimama akimngoja. Alikuwa amemletea mwavuli.