Viatu vya Chifu

"Kwetu," alisema mzee mmoja wa Kikomanchi, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, kwa sauti ya chini, "kiatu kirefu hivi, mpaka gotini, huvaa mwanamke."

Walikuwa wamesimama mbele ya kabati la vioo katika ukumbi wa chuo, kwenye karamu. Lucinda, mke wa mkuu wa chuo, akatabasamu kama aliyesikia mzaha. Machale yakamcheza.

Tangu aolewe alikuwa akivipangusa viatu vile vya ngozi ya paa. Ndivyo vilivyompa mumewe ugavana wa Texas, na baada ya ugavana, chuo hiki. Mumewe alimvua chifu wa Kikomanchi baada ya kumuua ana kwa ana, enzi za uaskari kule mpakani.

"Wanaume huvaa vifupi," mzee akaongeza. "Lakini muulize mumeo mwenyewe, mama. Mimi ni mgeni tu."

Kwenye meza kuu, mumewe alikuwa akiwasimulia wanafunzi. "Jitu la miraba minne. Nilimtazama machoni, naye akanitazama."

Hadithi ilikuwa ileile. Leo tu ndipo Lucinda alipogundua kwamba kila akifika hapo pa macho, mumewe hutazama sakafu.

Akafungua kabati, akatoa kimoja cha viatu vya chifu. Akavuta kiti, akaketi, akavua kiatu chake mbele ya wageni.

"Lucinda," mumewe akasema taratibu. "Kirudishe hicho."

Mguu ulikuwa umeshazama ndani, kisigino na vidole, kana kwamba kiatu kile kilishonwa kwa kipimo chake.