Kinyozi wa Mtindo Mmoja

Kwa mara ya pili asubuhi ile kinyozi alitoka kwenye foleni ya wapiga kura, akisema amesahau miwani nyumbani.

"Umeivaa," mkewe alimwambia bila hata kugeuka. "Rudi kwenye mstari."

Akarudi. Foleni ilianzia mlango wa darasa la tatu, ikazunguka ukuta wa shule na kuishia karibu na vyoo. Waliompita walimpa mkono, wengine mikono yote miwili, na bwana mmoja akamwambia, "Mzee, leo ndiyo leo," akataka kumpisha mbele. Kinyozi alikataa. Alijua ni ile suti iliyombana kwapani, aliyoshonewa kwa amri ya mkewe, ndiyo iliyowadanganya watu wakamwona ana akili.

Uchaguzi ulikuwa wa mwenyekiti wa mtaa, na wagombea walikuwa wawili, kila mmoja na alama yake kwenye karatasi ya kura. Wa Taa alikuwa amekalia kiti kile miaka kumi na tisa, akiahidi daraja juu ya mtaro mkubwa. Wa Ngazi alikuwa mpya kabisa. Mvua zilizopita, mke wa mwanawe kinyozi aliposhikwa na uchungu, walimvusha mtaroni akiwa juu ya kiti cha kunyolea, maji yakiwafika kifuani waliombeba. Kinyozi alishika mguu mmoja wa kiti, akalia waziwazi bila kujali anayemwona. Mtoto alizaliwa salama. Sasa mvua nyingine zilikuwa njiani, na safari hii mwenye mimba ya miezi saba alikuwa binti yake mwenyewe.

"Ngazi," mkewe alisema.

"Nimesikia."

"Hebu sema."

"Ngazi."

"Maana nakujua, baba watoto."

Alikuwa na haki ya kumshuku. Kinyozi hakupenda mabadiliko hata ya godoro. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amenyoa mtindo mmoja, kwa mkasi na kitana. Vijana wote walishahamia kwa wenye mashine, naye akabakiwa na wazee wenye vipara, ambao walikuja kupiga soga tu. Duka lake lilipopakwa rangi mpya alilipita, akaenda kuingia kwa fundi viatu. Na Taa alikuwa ameipigia kura tangu alipoanza kupiga kura, kwa sababu baba yake aliipigia. Baba yake naye, kila alipoulizwa sababu, alijibu kwamba ndiyo waliyoikuta.

Lakini kilichomtia kiwewe zaidi ni huyo wa Ngazi. Alimjua vizuri mno. Huyo naye mtu wa kukabidhiwa mtaa? Hajawahi kubishana na mtu akashinda. Aliwahi kutumwa sokoni vitunguu akarudi na ndoo, eti muuzaji alimsihi sana. Jina lake lilipelekwa na akina mama wa mtaa waliokuwa wakitafuta mtu asiye na adui, naye akagombea kwa vile hakujua namna ya kukataa. Kwenye mkutano wa kampeni alisimama, akakohoa, akawashukuru watu kwa kuja, akakaa. Watu walipiga makofi wakidhani ni mtu wa vitendo.

"Mtu wenu hata mwenyewe hajiamini," kinyozi alimnong'oneza mkewe.

"Hilo tunalijua wote," mkewe alisema. "Lakini ana haya. Akiahidi daraja hatalala mpaka lisimame."

Kinyozi alijua hilo ni kweli.

Ndani, karani alimchovya kidole kwenye wino, akampa karatasi, akatabasamu. Kinyozi akajificha nyuma ya kibanda cha maboksi cha kupigia kura. Juu kabisa ilikuwepo Taa. Chini yake Ngazi, na picha ya mgombea aliyetoa macho kama mtu aliyefumaniwa jikoni kwa jirani. Kinyozi alimwonea huruma. Akaikumbuka ile mvua na sauti ya mkwewe juu ya kiti, akashusha kalamu mpaka karibu iguse kisanduku cha Ngazi. Halafu akawaza vikao vipya, muhuri mpya, barua mpya, kila kitu kipya. Mkono ukapanda wenyewe, ukaweka alama kwenye Taa, safi kabisa.

Ikamjia raha, na nyuma ya raha hiyo ikamjia aibu kubwa. Akajipoza kwamba ni kura moja tu kati ya mia nne na ushee. Akaikunja karatasi mara nne, akaitumbukiza sandukuni.

"Tayari?" mkewe aliuliza nje.

"Tayari."

Mkewe akamkagua vile alivyokuwa akimkagua samaki wa juzi.

Alasiri watu walijaa tena uwanjani kusikiliza matokeo. Binti yao alipewa benchi mbele, akakaa mikono juu ya tumbo. Msimamizi wa uchaguzi alitoka, akasoma polepole. Taa, mia mbili na kumi na mbili. Ngazi, mia mbili na kumi na moja. Zilikuwa zimehesabiwa mara tatu.

"Kura moja," mtu alisema nyuma. "Kura moja tu, jamani."

Mke wa kinyozi aligeuka taratibu, akamtazama mumewe, naye akatazama viatu vyake.

Msimamizi akatandaza fomu mezani. "Mshindi ameshasaini," alisema. "Sasa mgombea wa Ngazi naye aje atie sahihi kukubali matokeo."

Kinyozi akampita mkewe, akampita binti yake kwenye benchi, akafika mezani, akaomba kalamu.