Chapati za Safari

Alfajiri Sajini Lugendo alimsikia mkewe akipika chapati uani, moyo ukamshtuka. Chapati zile kavu, za kustahimili njia ndefu, zilipikwa siku moja tu: siku likizo yake ilipokwisha naye akarudi kikosini. Lakini safari hii hakuja likizo. Alikuwa amestaafu, na Mama Sikudhani mwenyewe ndiye aliyempokea kwa vigelegele.

Alipotoka, alikuta chapati zimeshafungwa kwenye kitambaa cha bluu. Buti zake zilikuwa mlangoni, zimepigwa rangi zikang'aa.

"Usije ukaachwa na gari," alisema mkewe bila kugeuka, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia peke yake.

Sajini alifungua kinywa amkumbushe. Akazitazama buti zile, akashindwa. Akazivaa, akachukua kifurushi.

"Haya, Mama Sikudhani. Nakwenda."

Akashuka mpaka bondeni, ambako majirani walikuwa wakijenga upya daraja lililosombwa na mafuriko. Akabeba nao mawe kutwa. Mchana akafungua kitambaa, wakala wote.

Jua lilipopoa akarudi nyumbani. Mkewe alikuwa akifagia. Alipoziona buti zenye tope, ufagio ukamponyoka.

"Umesahau nini, Baba Sikudhani?"

Akampa kitambaa. "Kesho uniongezee chapati. Tuko wengi kule."

Mama Sikudhani akakipokea kwa mikono miwili. Kitambaa kile kilikuwa hakijawahi kurudi siku ileile kilipoondoka. Akasimama nacho katikati ya ua, asijue akiweke wapi.