Bwana Harusi Mlangoni, Kamera Imegoma

Bwana harusi alikuwa ameshagonga mlango wa chumba cha mkewe, na kamera yangu ikaandika kwenye kioo kwamba haina lenzi.

Lenzi ilikuwepo, nimeishika kabisa. Ile yangu ilidondoka asubuhi ikapasuka, nikafunga ya zamani, ya enzi za filamu, kwa adapta: pete ya chuma inayoozesha lenzi na kamera zisizo za ukoo mmoja. Kumbe kamera haikuitambua ndoa hiyo. Nikibonyeza, kimya.

Bwana harusi akiingia atamshika bibi harusi utosini amwombee dua, mara moja tu. Nikiikosa picha hiyo, Mbagala nzima hakuna atakayeniita tena.

"Munira, unatoka jasho kuliko mwali," shangazi wa bibi harusi akaninong'oneza. "Vipi?"

"Imegoma, shangazi."

Akaenda kuuegemea mlango kwa mgongo wote. "Nani?"

"Mie, bwana harusi."

"Wanasemaga hivyo wote. Imba tukujue."

Nje ikaanza sauti kama ya beberu aliyekabwa. Wanawake wakaangua kicheko. Vidole vyangu vinapekua menyu, ukurasa baada ya ukurasa, hadi nikaikuta: kupiga picha bila lenzi, imezimwa. Nikaiwasha.

Nikabonyeza, ikaitika. Nikazungusha lenzi taratibu kwa mkono, ukungu ukaondoka, hina ya bibi harusi ikatokea ua kwa ua.

"Ubeti wa pili," shangazi alikuwa anadai.

"Shangazi," nikasema, "mfungulie masikini wa watu."