Ukurasa Mweupe wa Dobi

Daftari la kunawa lilikuwa na kurasa arobaini na mbili zenye majina. Arobaini na moja zilijaa saini. Mmoja ulikuwa mweupe pe.

Ulikuwa wa dobi.

Karani aliutazama kama mtu anayemwona mwizi akipita na mzigo mchana kweupe. Homa ya mafua ilikuwa na siku ya sita ndani ya wodi ya wazee. Wauguzi watatu walikuwa hoi majumbani kwao, mfagizi alihema kama mvukuto, na kitanda namba mbili kilikwisha kutandikwa upya kwa ajili ya mtu mwingine. Kwenye kitanda namba sita alilala mke wa karani, mapafu yake mabovu. Daktari hakuzunguka mbuyu: huyu mama akiipata, hachomoki.

Watu walimwita Bwana Daftari, naye jina alilipenda. Alikuwa amestaafu ukarani baada ya miaka thelathini na tatu, akaitwa tena kwa ajili ya mlango huu mmoja wa wodi. Aliukuta utaratibu wa hovyo. Watu walikuwa wakitia saini kwanza, kisha wakinawa kwenye bomba la ndani. Akamweleza matroni kwamba mtu hawezi kushuhudia jambo ambalo hajalifanya. Bomba likahamishiwa nje. Tangu hapo mtu alinawa kwanza, akafika mezani mikono ikinukia sabuni, karani akamfunulia ukurasa wake, naye akaushika pembeni usijifunge, akatia saini, akaingia moja kwa moja kwa wagonjwa. Kila mtu na kalamu yake. Kuazimana alikupiga marufuku. Matroni alimsifu mbele ya kadamnasi.

Yeye mwenyewe hakuvuka kizingiti hata mara moja. Mkewe alimwona kwa mbali, kupitia kioo. Barakoa haikumtoka usoni, isipokuwa aliishusha kidogo kila alipofika mtu mezani, sekunde moja tu, tena bila kusema neno wala kukohoa. Koo lilikuwa likimwasha, lakini hilo lilikuwa vumbi la makaratasi. Yeye na vumbi hilo walizoeana tangu ujana.

Asubuhi hiyo alimbana dobi kwenye dirisha la nguo chafu, ambako jamaa huyo alizoea kuingilia, kifua kimejaa mashuka. Alimuuliza kwa nini mwezi mzima hajatia saini hata moja, naye ndiye anayewabeba wagonjwa mikononi akiwabadilishia matandiko.

"Mzee wangu, nanawa ndani, kwenye karai langu," dobi alisema. "Nikishanawa, mikono hii haigusi kitu mpaka imguse mgonjwa."

"Na shahidi wako nani?"

Dobi akacheka. Akamuuliza Bwana Daftari ukurasa wake yeye uko wapi.

"Mwenye daftari hajiandiki," karani alijibu, na kabla ya saa sita alikuwa ofisini kwa matroni, ukurasa mweupe umefunuliwa juu ya meza. Haukuhitaji maelezo. Dobi akaondolewa wodini, akapewa kazi ya kufyeka nyasi kwenye uzio. Karani alirudi mlangoni, akachukua rula, akalikata jina la dobi kwa mstari ulionyooka.

Siku nne zilipita. Wauguzi wengine wawili wakaanguka. Kisha mpishi. Kisha kitanda namba tisa.

Matroni alikuja na orodha ya wafanyakazi waliougua, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akataka walinganishe. Karani alimsomea mmoja baada ya mwingine. Hapakuwa na hata mmoja aliyekosa saini. Wengine walikuwa wametia mara tatu kwa siku. Nje, kupitia dirishani, dobi alionekana akifyeka huku akipiga mluzi, mzima kama kigongo.

Matroni alizipitisha kurasa polepole kwa ncha ya kalamu yake. Akasimama.

"Mbona pembe zake zimelegea hivi?"

"Ni kazi hiyo, mama," karani alisema kwa fahari. "Daftari linalobaki jipya ni lile lisilofunguliwa."

Matroni alifungua mdomo aseme kitu, lakini simu ililia ofisini, akaenda.

Mchana huo ikaja habari njema. Mke wa karani, aliyekuwa akiishi kwa dripu tangu alazwe, aliruhusiwa kula. Binti yao alifika mbio, sahani ya mkate uliolowekwa kwenye maziwa imefunikwa vizuri. Daktari alikuwa ameagiza alishwe vipande vidogo vidogo, kwa vidole, maana midomo ilichanika na kijiko kingemuumiza.

Karani alimsimamia bintiye bombani kama alivyomsimamia utotoni. Alimrudisha mara mbili: kucha, kisha viwiko. Aliporidhika ndipo alipomwongoza mezani.

"Baba, nitie saini wapi? Mimi sina ukurasa."

"Leo unao, mwanangu. Kuna mmoja hapa haujaguswa na mtu."

Ng'ambo ya kioo, kwenye kitanda namba sita, mama aliinua mkono kwa shida, akatabasamu.

Karani alishusha barakoa yake, akalilowesha dole gumba kwa ulimi, kama alivyofanya kwa miaka thelathini na tatu, akaufunua ukurasa mweupe, akaikandamiza pembe yake ilale.

"Shika hapo," alisema, "tia saini, halafu kamlishe mama yako."