Ufuate Ulimi Wake

"Usipumue," alinong'ona dada mtu. Alikuwa amelala kifudifudi uani, jicho kwenye kamera. "Utamfukuza mrembo wangu."

Mdogo mtu alibana pumzi, mkono wake uliovunjika ukining'inia kwenye kitambaa shingoni. Vipepeo walikuwa wamejazana kando ya ukuta, juu ya udongo uliotifuliwa. Hapakuwa na ua hata moja. Walikunja na kukunjua mabawa bila sauti, na hawakutaka kuondoka.

"Wanafuata nini hapa?"

"Chumvi. Ndiyo maana napamwagilia maji kila asubuhi."

Kamera ikalia.

"Shemeji yako aliniandikia kwamba anakuja kunichukua," mdogo mtu alisema. "Tangu siku ile, simu yake haipatikani."

"Na ungekwenda?"

"Ni mume wangu, dada. Hasira zake ni moto wa karatasi."

"Moto wa karatasi umekuvunja mkono, wewe fundi cherehani! Kisa, kifungo!"

"Kosa langu. Shati jeupe, nami nikashonea uzi mwekundu. Mweupe ulikuwa umeisha." Akainama. "Akija nitamwomba radhi."

Dada mtu alijikung'uta udongo magotini, akatangulia ndani.

Kwenye kompyuta, kipepeo alijaa kioo kizima. Magamba ya bawa lake yalipangana kama vigae vya paa, buluu juu ya buluu, ukingoni vumbi la dhahabu. Kwa mara ya kwanza tangu afike kwa dada yake, mdogo mtu alisahau maumivu.

"Mungu wangu! Huyu kashonwa na nani?"

"Unatazama kama mtu mwenye njaa, unameza yote mara moja," dada mtu alisema nyuma yake, taratibu. "Anza na jicho. Kisha ufuate ulimi wake, mpaka pale anapokunywa."

Alianza na jicho, jeusi, linang'aa kama shanga. Akaufuata ulimi, mwembamba kama uzi, ukishuka, ukishuka, hadi kwenye tope.

Ncha yake ilikuwa imetua juu ya kifungo cheupe, nusu kimezikwa. Katikati ya kifungo, uzi mwekundu.

"Dada..."

Dada mtu alikwisha chukua ndoo ya kumwagilia. Alisimama mlangoni, bila kugeuka.

"Mimi siombi radhi."