Kola ya Popi Haifichi Kitu

Enzi hizo kila mbwa alivaa kola inayotamka anachofikiri, na kisheria neno la mbwa lilisadikiwa kabla ya neno la mwenye mbwa. Ndiyo maana mwalimu wa darasa la mbwa la kuruka viunzi, pale Moshi, alipouliza getini, "Masharti mmeyafuata?" alimwinamia Popi, wala hakumtazama mwenye mbwa, Mama Ndeonasia.

Masharti hayakuwa magumu: raba miguuni, haja imalizwe nyumbani, pasiwe na kupayuka uwanjani, na asile yeyote saa mbili kabla ya darasa, awe mbwa au mtu.

"Mimi sijala," kola ikasema. "Mama amekula kiporo cha makande jikoni. Alifunga mlango."

"Popi mwanangu! Si kijiko kimoja tu?"

"Kumi na viwili. Na ukoko akaukwangua."

"Za mwizi arobaini, mama," mwalimu akasema, akamwonyesha benchi. Mama Ndeonasia alikaa pale na kamba tupu mkononi, huku Popi akiruka viunzi peke yake na kupigiwa makofi.

Mumewe alipohadithiwa alicheka hadi machozi. Jioni wakaketi mezani, Mama Ndeonasia akapakua ndizi nyama. Alipoinua tu kijiko, kola ikasema kwa upole, "Bado. Subiri."

Akasubiri. Mumewe naye, kimyakimya, akakirudisha kijiko chake sahanini.

Popi akawatazama mmoja mmoja.

"Haya, kuleni."

Wote wawili wakasema ahsante.